Jicho Lililokataa Kulala

Bibi alikalishwa kwenye stuli karibu na mlango wa maabara, akaambiwa asiguse kitu.

"Mke mwenzangu," alimtania mjukuu wake, "hapa kwenu hata vumbi huingia kwa ruhusa?"

Mjukuu alicheka, ila roho ilikuwa mkononi. Alikuwa ametengeneza jicho la kunasa mwanga, dogo kuliko chembe ya vumbi. Lingekaa ndani ya chipu ya kompyuta, ili sehemu zake zipashane habari kwa mwanga badala ya waya. Leo mkuu wake angeamua: jicho hili, au warudie lile la zamani, kubwa. Sharti lilikuwa moja tu: gizani linyamaze.

Kisanduku cheusi kikafungwa, taa zikazimwa. Namba kwenye skrini, iliyoonyesha mwanga unaonaswa na jicho, ikagoma kushuka.

"Linaota," alisema mkuu, mama mwenye miwani mizito. "Jicho linaloona mwanga gizani litatuletea habari za uongo, binti."

"Jana lilinyamaza, mama."

"Jana sikuwepo."

Bibi aliona mabega ya mjukuu yakilegea. Alitamani kumtetea. Akabaki kuomba kimoyomoyo.

Ndipo fundi mwenza wa mjukuu, kijana mrefu waliyemwita Twiga, akajikuna shingo. "Jana jioni nilifanya usafi. Mle kisandukuni nikabandua ile tepu nyeusi. Imechakaa jamani, nikaona aibu, bibi wa watu aje aone matambara."

"Tepu iliyoziba kitaa cha kijani cha kipimio?" aliuliza mjukuu.

"Hiyohiyo."

Akashika kichwa. Kumbe jicho halikuwa linaota. Lilikuwa limekikodolea kile kitaa!

"Twiga wewe! Si ungebandua na kichwa changu kabisa!"

"Mwacheni," alisema bibi. "Mkosaji ni mimi niliyekuja kutembea."

Hata mkuu akacheka. Tepu mpya ikabandikwa, kisanduku kikafungwa. Namba ikashuka, ikashuka, ikatulia chini kabisa. Wakapitisha mwanga kidogo, ikaruka juu, wakauzima, ikalala. Mkuu akarudia mwenyewe, taratibu, mpaka akaridhika.

"La zamani liende kabatini. Tutengeneze hili."

Mjukuu alimkumbatia bibi nusura amwangushe, akamsogeza kwenye hadubini. Bibi akafumba jicho moja, akachungulia. Aliona vijistari tu, vimenyooka vizuri.

"Liko wapi sasa?"

"Hapo mwisho wa mstari, bibi. Ni dogo mno, hata hapa halionekani."

"Haya, nimeliamini," alisema bibi, akaendelea kuchungulia, wala hakuwa na haraka ya kuondoka.