Kadi za Mama: Moja Yako, Moja Yangu

Mimi sina subira, na sijawahi kujidai ninayo. Wateja wangu wa ushonaji wananijua: ukija kulalamika kwamba kiuno kimebana, nitakuuliza kwanza umekula nini tangu nikupime. Kwa hiyo Jumatatu ile baba aliposema amekumbuka pudini ya machungwa ya mama, sikungoja aseme mara mbili.

Baba alikuwa amehamia kwangu tangu atoke hospitali, na chakula kilikuwa kimemshinda. Vijiko viwili, anasukuma sahani. Suruali zake nilikuwa nimezipunguza mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe, na mara ya pili machozi yalinilenga hata nikashindwa kutunga uzi.

"Ile ya juu keki, chini mchuzi," alisema. "Hiyo ningeila."

Nikateremsha kopo la vifungo, maana ndimo nilimoweka kadi za mapishi za mama. Kadi nusu, niseme ukweli. Nusu nyingine alikuwa nayo mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tulimwita Kijiko kwa jinsi alivyokuwa akilamba kila kijiko cha kukorogea. Mimi na Kijiko tulikuwa hatujasemezana miaka sita.

Ilikuwa hivi. Kijiko ni muuguzi, na neno lake ni kama sindano yake, halikosi mshipa. Siku ya pili baada ya kumzika mama aliniambia, "Wewe ulikuja kuzika. Kuuguza niliuguza mimi." Nikamjibu, "Si ndiyo kazi yako? Si unalipwa kwa kuuguza?" Loo! Neno likishatoka halirudi. Kesho yake tuliketi sakafuni kugawana kadi, tukizitoa kwenye sanduku kama karata. Moja yako, moja yangu, kama mama alivyotufundisha kugawana peremende. Kisha kila mmoja akashika njia yake. Tangu hapo salamu zilipitia kwa baba.

Kadi niliipata upesi. Pudini ya machungwa: unga unaoumuka wenyewe vikombe viwili, sukari kikombe na nusu, siagi robo, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, machungwa sita. Basi. Hakuna changanya, hakuna oka. Kadi zangu zote zilikuwa hivyo, na siku zote nilidhani mama hayo mengine aliyaweka kichwani, akaenda nayo.

Haya, nikaingia jikoni na kiburi changu. Mara ya kwanza nilitia kila kitu pamoja, juisi yote, ikatoka uji. Mara ya pili nikapunguza juisi, ikatoka keki kavu ambayo ungeweza kuzuia nayo mlango. Mara ya tatu nilioka keki pembeni, nikapika mchuzi pembeni, nikavibandika. Baba akaonja kijiko kimoja.

"Nzuri," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea ripoti zangu za hesabu.

"Siyo yenyewe?"

"Siyo, mwanangu. Labda ungemuuliza mdogo wako."

"Nitauliza ukuta kwanza," nikasema, nikachukua bakuli.

Alhamisi hakula chochote. Chai tu, nayo aliiacha nusu. Nilipompokea kikombe niliona saa yake imeteleza kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikapiga moyo konde, nikapiga na simu.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti yake ikaja nyembamba. "Baba ana nini?"

"Baba yupo, amekaa. Nina swali. La pudini."

"Pudini ya machungwa?"

"Umejuaje?"

"Ameniomba na mimi! Jumatatu, kwa simu. Nimeshaunguza sufuria mbili."

"Kwani kadi yako inasemaje?"

"Kadi yangu haina vipimo, Dada! Inasema changanya unga na siagi. Unga kiasi gani? Debe?"

Aliniita Dada. Nilikaa kitandani.

"Yangu ina vipimo vitupu," nikasema.

Nikamsikia anacheka, au analia, sikujua.

"Moja yako," akasema.

"Moja yangu," nikasema. "Jamani, wajinga sisi."

Alikuja Jumamosi asubuhi na nusu yake ndani ya bahasha. Amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimeanza mvi, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Hatukukumbatiana. Tulizipanga kadi kwenye meza yangu ya kukatia nguo, kila moja na mwenzake. Zangu zilikuwa na mikunjo katikati. Zake zilikuwa na madoa ya siagi na tundu la msumari juu.

Baba akaja akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Hizo zenye mikunjo ni za dukani," akasema. "Nilikuwa naenda nazo mimi, mfukoni. Hizo zenye tundu zilining'inia ukutani karibu na jiko. Mama yenu alichoka kunituma na kadi ya mapishi nikairudisha imelowa jasho, au nisiirudishe kabisa. Akaanza kuandika mbili mbili, ili yangu ikipotea, jikoni kazi isisimame. Na sandukuni alizilaza hivyo hivyo, ya duka juu ya ya jiko."

"Ulijua tunazitenganisha?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nawatazama."

"Na hukusema!"

"Mlikuwa mmenuna. Nikasema, ah, wakitamani kitu kitamu watatafutana wenyewe. Sikujua nimezaa vichwa vigumu kiasi hiki. Miaka sita! Mpaka nikaamua kuomba mwenyewe."

Ningemfokea, lakini Kijiko alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Mimi nikapima, yeye akasoma. Unga, siagi na nusu ya sukari, sawa. Mayai na maziwa, sawa. Rojo likaingia kwenye bakuli. Kisha akasoma, "Chemsha juisi na sukari iliyobaki. Mwagia ikiwa ya moto juu ya rojo bichi."

"Juu? Utaharibu!"

"Ndivyo alivyoandika. 'Usikoroge. Usiogope. Mchuzi utashuka wenyewe.'"

Akamwaga. Ikawa tope la kutisha, unga huku, maji kule, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuchukua kijiko. Akanipiga mwiko vidoleni.

"Dada! Umeambiwa usikoroge."

Tukaingiza kwenye oveni. Dakika arobaini, kadi ilisema, na mimi kungoja sijui. Nilifuta meza. Nikaifuta tena.

"Sikuwa na tenda ya sare siku zile mama anaumwa," nikasema. "Niliwaambia nina tenda. Niliogopa. Niliogopa kumwona mama amekonda."

Kijiko alikuwa anatazama kioo cha oveni.

"Aliniulizia?" nikauliza. Miaka sita nilikuwa nalo swali hilo.

"Kila siku. Nikamwambia uko njiani." Akanigeukia. "Siku tatu, Dada, nilimwambia uko njiani."

Nililia, sioni aibu kusema, nikajifuta kwa kitambaa cha sufuria. Akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Ila mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani kwa mama."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Na lile neno langu. Nilikuwa nimechoka. Nisamehe na mimi."

Pudini ilitoka juu imeumuka, ya dhahabu, na kijiko kilipozama mchuzi ukapanda pembeni. Baba alikula polepole, akikwangua bakuli mpaka likalia. Kisha akalisukuma mbele, nami nikainuka kuliondoa, maana msukumo ule nilikuwa nimeuzoea.

"Niongezee," akasema.

Alipokwenda kulala mchana, nilizikusanya kadi mbili mbili nikampa Kijiko zote. Nikamwambia azichukue, ni haki yake, aliuguza yeye. Akatikisa kichwa. Akaziweka katikati ya meza, akaanza kugawa upya: yenye mikunjo kwangu, yenye madoa kwake.

"Tutakwama tena," nikasema.

"Ndiyo. Ukikwama, nipigie."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kupika kwake. Baba alitaka kastadi ya karameli, na alikuwa amevaa viatu tangu saa moja. Nilikuwa bado nasaka ufunguo, kadi ya dukani imekunjwa mfukoni, simu ikalia.

"Dada, uko wapi?"

Nikamshika baba mkono, tukavuka kizingiti, nikavuta mlango nyuma yetu ndipo nikamjibu.

"Niko njiani," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.