Siku Gari Letu Lilipopelekwa Kliniki

Usiku wa jana niliota nimebeba gari mgongoni. Nimelifunga kwa kanga, fundo kifuani, magurudumu ya mbele yamenikumbatia shingoni. Halikuwa zito. Lilikuwa na joto la mtoto aliyetoka kulala, na kila nilipopiga hatua lilikoroma kidogo.

Lilikuwa gari letu lenyewe, lile dogo la milango mitatu tulilonunua kwa bwana mifugo mmoja aliyestaafu. Mpaka leo, siku ya mvua, linanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mimi ndiye niliyelitengeneza. Jioni Pazi, mume wangu, akirudi kazini, nilimwachia mtoto nikaenda darasa la ufundi wa magari, na nilichofundishwa Jumatatu nilikifanya Jumanne uani kwetu. Nikaliwekea springi ndefu likainuka inchi mbili. Nikalivalisha matairi yenye meno. Nikafunga bati nene chini ya injini ili mawe yasiliumize tumbo. Juu nikaweka keria. Nyuma nikatoa nusu ya kiti, nikajenga kitanda cha mbao chenye mifuniko ya kuwekea vyombo, na godoro lake nililikata kwa kisu cha mkate. Kitanda kinatosha mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ni Sikudhani, binti yetu, ana miaka miwili.

Leo asubuhi ndiyo tulikuwa tuondoke sisi watatu kwenda kulala kambini, milimani juu ya Mgeta. Ilikuwa safari ya kwanza ya gari na ya kwanza yangu kwenye usukani huko. Lakini wifi yangu Hadia, dada yake Pazi, alikuwa ametoa hukumu tangu jana jioni: sisi twende tukavunjike tunavyopenda, ila mtoto wa kaka yake anabaki kwake. Alisema gari limevalishwa viatu vya mchuchumio, na aliyevaa mchuchumio hapandi mlima. Huko kuna kona moja ambapo barabara yenyewe imelalia bonde. Alisema hapo tutalala nayo.

Pazi alisema mama mtoto ndiye aamue, kwa kuwa ndiye fundi. Nililala sijaamua. Mkoba wa Sikudhani uliachwa mlangoni, haujui unakwenda wapi.

Basi, katika ndoto nipo kwenye foleni ya kliniki ya watoto, ile ya kupima uzito. Kina mama wote tumebeba magari. Aliye mbele yangu ana trekta pacha, moja mgongoni, moja kifuani. Wa pembeni ana greda la kuchongea barabara, na anamlalamikia kila mtu kwamba halinyonyi. Hakuna anayeshangaa. Mwenye trekta ananishauri nilicheulishe langu, maana limemeza upepo.

Sikudhani yuko ndani ya gari, kwenye kitanda chake, anakula biskuti. Nasikia makombo yakidondoka.

Nyuma yangu amesimama wifi Hadia. Kanga yake imefungwa mgongoni tayari, vizuri, na ndani haina mtu. Nikamuuliza amembeba nani.

"Bado," akasema.

Nesi alikuwa jeki. Sisemi alifanana na jeki. Alikuwa jeki, ile ndefu ya kuinulia matrekta, amevaa gauni jeupe na saa ya kifuani iliyoning'inia kichwa chini. Alipotaka kumtazama mtu usoni alijipandisha tundu moja moja, ka, ka, ka, mpaka macho yakalingana.

"Kaptula," akaniambia.

Kila mama anajua. Mtoto hapimwi bila kaptula yake ya mzani, ile ngumu yenye kanda mbili ndefu za kutundikia. Nikatoa ya Sikudhani. Niliishona mwenyewe kutoka kwenye jinzi kuukuu ya Pazi. Nikaitazama, nikalitazama gari.

"Itamtosha?" nikauliza.

"Kama ni wako, itamtosha."

Nikalilaza gari kwenye benchi, nikaingiza gurudumu la nyuma la kulia, kisha la kushoto. Ikatosha. Ikakaa kama niliishona kwa ajili yake. Nikageuka kuona kama wifi ameona. Alikuwa ameona, akawa anaangalia pengine.

Mzani ulining'inia kwenye kipande cha wingu kilichopigiliwa msumari. Jeki akalitundika gari, akaachia. Papo hapo likapinduka, paa chini, magurudumu juu. Honi ikaanza kulia. Mama mwenye greda akasema maskini. Wifi Hadia akakaza fundo la kanga yake, akasogea hatua moja mbele.

Jeki akasoma mzani bila haraka. "Uzito wake si mbaya," akasema. "Ila kichwa ni kizito. Mama, mtoto huyu umembebesha nini kichwani?"

Ukutani, pale penye picha ya mchicha na mapapai siku zote, palikuwa pameandikwa kwa rangi ya mafuta: KIZITO CHINI, CHEPESI JUU. Ni maneno ya Mwalimu Kobelo wa darasa la jioni. Nilikuwa nayajua. Kwenye mtihani niliyapata.

Kutoka kwenye keria, sauti nzito ikasema, "Ni mimi."

Kilikuwa kinu.

Niseme kilifikaje pale. Jana wifi alicheka kwamba huko kambini tutakula mkate na samaki wa kopo kama watalii, kwa sababu anayelala porini hana kinu, na kisamvu hakitwangwi kwa meno. Nikapandwa na kitu. Nikamwomba Pazi anisaidie, nikakifunga kinu juu kabisa ya keria pamoja na mchi wake, na juu yake nikaweka gunia la mkaa, ili akija akione tangu getini. Alikiona.

"Shikamoo," nikakiambia, kwa kuwa ni cha mama mkwe wangu.

"Marahaba. Mimi sishuki."

"Tafadhali."

"Nimetwanga kisamvu cha harusi zote za ukoo huu. Nimepandishwa mbele ya watu. Nikishuka mbele ya watu, watasema nini?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Gari bado limening'inia kichwa chini, na Sikudhani ndani yake amekaa kwenye dari, anaendelea na biskuti. Nikakieleza kinu polepole, kama ninavyomweleza mtoto kwa nini viatu vinavaliwa miguuni. Nikakiambia simshushi mtu hadhi. Nakupeleka chini, katikati, nyuma ya viti vya mbele, gari lote likuegemee wewe. Msingi wa nyumba hauwekwi juu ya paa, na hakuna anayeudharau.

Kinu kikauliza: "Na mchi?"

"Pembeni yako."

"Na mkaa?"

"Mkaa unabaki nyumbani. Nina jiko la gesi."

"Huyo mkaa sikumpenda tangu mwanzo," kikasema, kikashuka.

Kilishuka chenyewe, kwa madaha, kikitembelea mchi kama shangazi wa bibi harusi anavyoingia ukumbini amechelewa makusudi. Kikaingia mlangoni, kikakaa. Gari likageuka taratibu hewani, magurudumu yakarudi chini, honi ikakatika. Sikudhani akateremka kutoka darini hadi kitandani bila kuangusha biskuti.

Jeki akajipandisha, ka, ka, ka. "Yuko kwenye kijani," akasema.

Kama hujawahi kupeleka mtoto kliniki huwezi kujua. Kwenye kadi kuna njia ya rangi ya kijani, na mtoto mwenye afya nukta yake huwekwa humo. Nimewahi kutembea kutoka kliniki hadi nyumbani bila kuhisi ardhi kwa sababu ya neno hilo. Nikataka kumwomba alirudie.

"Bado kumwona anavyotembea," akasema jeki, akavua saa.

Benchi la kliniki sasa ni barabara. Nimeshika usukani. Ni ile kona, barabara imelalia bonde, mawe yametokeza kama magoti. Jeki amekaa kando yangu, gauni amelikunja mapajani. Sikudhani yuko nyuma, amefungwa mkanda. Chini, ukingoni mwa bonde, amesimama wifi Hadia. Amefungua ile kanga, ameitandaza mikononi mwake kama mtu anayengoja embe lidondoke.

Natia gia. Gari haliendi.

"Tumejaa," yakasema matairi.

Hili nalo lilifundishwa: kwenye mawe, punguza upepo. Nikashuka, nikabonyeza ncha ya kutilia upepo kwenye tairi la kwanza. Hakukutoka upepo. Ilitoka sauti ya wifi Hadia, nyembamba, ikizomea: mchuchumio, mchuchumio, mwanamke na spana wapi na wapi. Nikangoja mpaka ikafifia. Tairi la pili lilikuwa na majirani, wanauliza kama Pazi hana kauli nyumbani kwake. La tatu nilipolibonyeza ikatoka sauti yangu mwenyewe.

"Na kama wifi ana haki?" ikasema. "Na kama mtoto akiumia?"

Hiyo ilichukua muda kuisha. Jeki alifungua dirisha, akangoja bila kuangalia saa.

La nne lilitoa upepo tu. Nililishukuru.

Nikarudi kwenye usukani, gia ya chini, mguu mwepesi. Gari likapanda jiwe la kwanza. Likapanda la pili. Likaanza kulala upande wa bonde, na kupitia dirishani namwona wifi yuko chini yangu kabisa, na naiona mikono yake. Imenyooshwa juu. Hacheki. Ameishika kanga ile kama vile ndicho kitu pekee kilichobaki duniani cha kumdakia mtoto, na hajui kama itatosha.

Nilikuwa sijawahi kumwona wifi yangu akiogopa.

"Mama," likasema gari. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Nainama."

"Inama mwanangu," nikaliambia. "Kuinama si kuanguka."

Nyuma yangu kinu kikaguna, kikajikalisha vizuri zaidi. Gari likainama mpaka pale lilipotaka kufika, likatafakari, kisha likarudi lenyewe, gurudumu kwa gurudumu, kama mtoto anayejifunza kusimama akishika kochi. Tukatoka kwenye kona.

"Tena," akasema Sikudhani.

Jeki akajishusha mpaka akawa mdogo kabisa. "Anakua vizuri, mama," akasema, akashuka, akaenda kumwita wa greda. Kule bondeni wifi Hadia alikuwa anaikunja kanga yake, pembe kwa pembe.

Nikaamka. Palinukia chai ya tangawizi, Pazi alikuwa jikoni.

Sikuinywa kwanza. Nilijifunga kitenge, nikatoka, nikapanda kwenye keria. Kinu kilikuwa juu vilevile, na gunia lake la mkaa. Hakikusema kitu. Nikamwita Pazi tukakishusha, nami nikakiamkia kwa sauti ndogo. Pazi akauliza nimesemaje, nikasema nimesema tushike vizuri. Tukakiweka chini, katikati, nyuma ya viti vya mbele, nikakifunga kamba, na mchi pembeni yake. Mkaa nikaurudisha jikoni. Madumu ya maji yaliyokuwa kwenye keria nayo nikayateremsha. Kisha nikaenda mlangoni, nikauchukua mkoba wa Sikudhani, nikauweka kwenye gari kwa mkono wangu.

 Nilikuwa nimeamua, na nilisimama mbele ya gari lile nikaliangalia, kila bolti ikiwa imepita mikononi mwangu, nikaona ni zuri.

Wifi Hadia alifika chai ikiwa mezani. Kanga ya kumbebea mtoto alikuwa nayo begani. Alisalimia nusu. Akaitazama keria, hakuna kitu juu ila hema. Akachungulia ndani akakiona kinu, akauona na mkoba.  Aliweka mikono yote miwili ubavuni mwa gari, akalisukuma kwa nguvu zake zote, na wifi yangu ana nguvu. Gari likayumba, likarudi. Akasukuma tena. Likarudi. Akajifuta mikono, akajisugua viwiko kama mtu aliyeamka na maumivu.

Kisha, kwa sababu yeye hakai bure mahali penye nguo za mtoto, akaenda kwenye kamba kuanua. Nilikuwa nimefua jana. Akatoa soksi, akatoa gauni la njano, akafika kwenye kaptula ya mzani, akasimama.

Nami nikaenda kuona.

Kanda zake, ambazo jana zilikuwa za urefu wa mkono, zilikuwa zinaburuza kwenye majani. Miguu ilikuwa imetanuka kama midomo ya ndoo. Na makalioni, kwenye jinzi niliyoifua kwa mikono hii, palikuwa na chapa ya tope, meno kwa meno, ya tairi.

"Wifi," akasema Hadia, "kaptula hii umempimia nani?"

"Mtoto," nikamwambia. "Yuko kwenye kijani."

Aliikunja mara nne. Akaibeba mpaka kwenye gari, akaitia kwenye mkoba wa Sikudhani, akafunga zipu. Kisha akamnyanyua mtoto wa kaka yake kutoka chini, akambusu utosini, na badala ya kumfunga mgongoni, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma na kumfunga mkanda, akauvuta mara mbili kuujaribu.

"Mkifika kwenye ile kona usiogope," akaniambia, uso ameuelekeza kwenye mkanda. "Kuinama si kuanguka."