Fungu la Severin

Felista alifunga viazi vya kuchemsha kwenye majani ya mgomba, mafungu matano, ndipo akakumbuka kwamba safari hii walikuwa watu wanne. Hakulifungua lile la tano. Alilitia kapuni pamoja na mengine, akachukua bakora ya marehemu mumewe, akatoka kuwalaki wageni.

Kwa miaka mingi mumewe huyo, Severin, ndiye aliyewapandisha wageni kwenye maporomoko ya maji ya juu kule Mgeta. Njia yenyewe Felista aliijua vizuri, maana ndiyo ya shambani kwake, kwenye kabichi. Alichokiogopa ni jiwe. Katikati ya mlima kuna jiwe pana ambapo maporomoko yanaonekana kwa mara ya kwanza, na hapo Severin alisimama na kusema maneno yake. Wageni waliyapenda, wakaondoka wakiwasimulia wenzao, na wenzao wakaja. Lakini tangu mazishi, Felista hakuweza kulitaja jina la mumewe. Akishindwa kusema leo, alijua hatapanda tena na mgeni. Njia ile itabaki ya kabichi tu.

Wageni wenyewe walikuwa mke na mume, Jesca na Evance, waliotoka kupumzika Zanzibar. Aliyewaleta kutoka mjini Morogoro ni Luqmani, dereva wa watalii, naye njiani alikuwa amewaambia kwamba mama atakayewapandisha amefiwa na mumewe.

"Shikamoo, mama," alisema Jesca.

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari."

Luqmani hakuamkia. Alimtazama Felista, akatazama bakora. Msiba ulipotokea alikuwa Mtwara na wageni, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika tangu hapo.

Walipanda polepole kati ya matuta ya karoti. Vibarua waliokuwa wakiteremka na magunia kuyawahi malori waliwapisha.

"Kule ufukweni ni kulala tu na kugeuka kama samaki kikaangoni," Jesca alisema akihema. "Huku magoti yangu yameanza kuomba talaka."

"Mimi nilikuambia usivae hivyo viatu," alisema Evance.

Wakafika kwenye jiwe. Ng'ambo ya bonde maji yalishuka meupe kwenye mwamba. Evance alitoa simu akapiga picha. Felista alisimama pale aliposimama Severin, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Wageni walimngoja kwa adabu, kisha wakaanza kutazamana.

Hapo Luqmani akampokonya bakora. Akapinda mgongo, akakohoa mara mbili, akatembea juu ya jiwe akiburuta mguu wa kushoto. Alikuwa Severin mtupu.

"Mvivu mkubwa huyu mzee," alisema. "Kaona mlima umemshinda, kajilaza zake chini kivulini, kamwachia mkewe wageni. Na wala hana haraka ya kuamka."

"Kaka, una akili wewe?" Jesca alimgeukia. "Mama wa watu amefiwa, wewe unamcheka marehemu mbele yake? Evance, kushuka tutatafuta gari jingine."

Luqmani aliinamisha kichwa, akamngoja Felista. Aliyefiwa ndiye wa kumtetea.

"Mwache, mwanangu," Felista alisema. "Huyu ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa marehemu wanataniana tangu mababu. Kazi yake ndiyo hiyo msibani, kutucheka mpaka tupanguse machozi. Tena kachelewa. Mwenzake siku ya mazishi alijilaza kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe kuku."

"Akapewa?" aliuliza Evance.

"Jogoo. Jeneza lingefanyaje?"

Evance aliziba mdomo asicheke, akashindwa. Jesca alibaki ameshika kiuno, haya imemjaa.

"Na alikuwa mwongo," Luqmani akaendelea, sauti imepata nguvu. "Kila siku bahari, bahari, na bahari yenyewe hajaiona."

"Severin aliiona," Felista alisema. "Tulikwenda hija Bagamoyo na watu wa parokia. Akavua viatu, akaingia maji ya magotini, akachota kiganjani akanywa. Akatema. Akaniambia, 'Mke wangu, watu wa huku wameyaharibu maji yetu.'"

Safari hii hata Jesca alicheka. Felista aliinua mkono kuelekea ng'ambo.

"Maana maji yale mnayoyaona yanaingia Ruvu, na Ruvu inakwenda kumwaga baharini, karibu na Bagamoyo. Ndiyo maana alipenda kuwaambia wageni, 'Huko mlikotoka mmeona mkia. Kichwa ndicho hiki.'"

Alikuwa ameyasema maneno yote ya Severin. Aliligundua hilo alipoona Jesca ametulia akiyatazama maji.

Chini ya maporomoko, penye ubaridi wa manyunyu, Felista aligawa viazi. Luqmani alikuwa bado ameishika bakora.

"Hii hairudi bure," alisema. "Ikombolewe."

Felista aliingiza mkono kapuni akatoa fungu la tano. Luqmani aliyahesabu majani ya mgomba yaliyokuwa mapajani mwa kila mtu, akamtazama.

"La nani hili?"

"La Severin."

Hakutania tena. Alilifungua, akala taratibu mpaka kiazi cha mwisho, akakunja majani, kisha akampa Felista bakora yake kwa mikono miwili.

"Jumamosi nina wageni wengine," alisema walipoanza kushuka. "Sita."

Felista alitangulia, akipima utelezi kwa ncha ya bakora.

"Basi tutakuwa wanane," alisema.