Siku Nne Baada ya Dripu

Fundi cherehani alikuwa na miezi minane hajashona hata pindo, sonona imemkalia kifuani kama jiwe. Wateja walipiga hodi mpaka wakachoka. Mdogo wake ndiye aliyempeleka kliniki, kamshika mkono kama anayemvusha mtoto barabara.

Daktari hakumficha. "Mama, dripu hii inafanya kazi upesi, jioni tu utaona tofauti. Lakini haikai. Unapata siku nne akili ikiwa laini, na hizo ndizo tunazoifundishia."

Mafunzo yenyewe yalikuwa kukaa mbele ya kompyuta dakika ishirini. Inatokea picha yako ukicheka, halafu neno: hodari, mwema, anapendwa. Unabonyeza, inatokea tena, mpaka moyo uzoee. Muuguzi alimwambia alete picha kutoka nyumbani, akaleta.

Dripu haikudanganya. Jioni ile fundi aliomba chai, akaimaliza. Alibonyeza siku ya kwanza, akabonyeza ya pili. Siku ya tatu uzito ukaanza kumrudia kifuani, akaogopa sana, lakini hakumwambia mtu. Kumeza mambo alikuzoea.

Siku ya nne mdogo wake aliingia kumletea sweta. Akatupa jicho kwenye kompyuta, akaganda.

"Dada, huyu ni mimi."

Muuguzi alishika kichwa. Angejuaje? Ndugu hawa walifanana shilingi kwa ya pili.

"Zangu zipo," fundi alisema, macho chini. "Nilishindwa kuziangalia. Na maneno mazuri vile, nikaona yatamkaa yeye."

Lo! Dawa imeingia mshipani, siku zinayoyoma, na mwanamke mzima anajifunza kwamba mdogo wake anapendwa, jambo alilolijua tangu alipokuwa akimbeba mgongoni. Ungecheka, kama isingekuwa inauma hivi.

Mdogo wake hakucheka. Alitoa simu. "Siku haijaisha. Geuka huku."

"Sitaweza kucheka."

"Nani kakwambia ucheke? Geuka tu."

Picha ilitoka na macho mekundu na nywele timtim. Muuguzi akaiweka hivyo hivyo. Uso ukatokea, kisha neno: anapendwa.

Kidole cha fundi kilibaki hewani. Alimgeukia mdogo wake, kama anayeomba ruhusa ya kuchukua kitu cha mwenzake.

"Ni lako hilo, dada," mdogo wake alisema. "Bonyeza."

Akabonyeza.