Kabari ya Mwisho

Miaka tisa binti yule alisokota pamba, akaichovya kwenye mafuta na kuipigilia katika mianya ya mbao, mpaka karakana nzima ikamwita Pamba. Jina alilopewa na mama yake likabaki la kwenye vyeti. Baba yake, fundi wa mashua, alikuwa amemwahidi jambo moja: mashua hii ikikamilika, kabari ya mwisho, ile inayoizuia mashua isiteleze, ataigonga yeye. Na anayeigonga, mashua ikateleza juu ya magogo yaliyopakwa mafuta hadi majini, huyo ndiye anayehesabiwa fundi. Wateja humfuata yeye.

Mashua ikakamilika. Baba akaanza kukohoa kikohozi cha mtu mwenye neno kooni.

"Tumngoje kaka yako apate likizo."

Kaka mtu aliitwa Meneja kwa sababu alifanya kazi ofisini. Alichokisimamia huko ni mashine ya kutolea nakala, nayo haikumtii.

Wakangoja wiki tatu. Jua halikungoja. Mbao zikakauka, zikanywea, Pamba akawa anapitisha ukucha kati ya ubao na ubao. Meneja alipotokea, viatu vinang'aa na wageni sita nyuma yake, dada mtu alikuwa ameshajaza ndoo.

"Baba, tuimwagie maji ndani siku mbili. Mbao zivimbe kwanza."

"Wageni wangu wapande kwenye dimbwi?" Meneja akasema. "Dada, hii ni mashua au sufuria?"

"Kwa leo ni chujio."

Wageni wakacheka. Baba hakucheka. Aliitoa nyundo mkononi mwa binti yake, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampa kaka mtu.

Meneja aliikosa kabari mara mbili, ya tatu akaipata. Mashua ikateleza, wageni wakadandia, ikaelea kwa muda wa kupiga makofi tu. Kisha ikaanza kuketi taratibu. Walitoka maji yakiwa kiunoni. Kiatu cha Meneja kilirudi kimoja.

"Mianya hii aliiziba nani?" akauliza mteja aliyeiagiza.

Baba akamnyooshea binti yake kidole.

"Iacheni hapohapo chini siku nne," Pamba akasema. "Msiiguse."

Wakaiacha, maana hata wangetaka kuivuta wasingeiweza. Siku ya nne wakayachota maji ya ndani, ikapanda juu, kavu ndani kiasi cha kuanikia unga. Mbao zilikuwa zimekunywa, zimeshiba, zimekumbatiana. Mteja akafurahi kama si yeye aliyenuna.

"Ehe, mzee, na aliyeishusha ni nani?"

"Mwanangu wa kiume," baba akasema. "Ana mkono mwepesi."

Wiki iliyofuata wakaja wateja wawili. Baba akapanga mbao mpya, akamwita binti yake kwa sauti ya upole, "Mama, njoo usokote pamba."

Pamba alikuwa anatia patasi zake mkobani. "Mwite aliyegonga kabari."

"Si yuko kazini kwake?"

"Basi mngoje apate likizo."

Akaenda karakana ya jirani. Fundi wa pale akaikagua mikono yake, sugu kwa sugu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na mashua uliyoishusha wewe ni ipi?"

Mashua ya mteja yule ilikuwa inapita pale mbele yao, kavu, na nahodha akawapungia mkono.

"Hakuna," Pamba akasema.