Hodi ya Tatu

Vigelegele havifiki angani. Ukiwa juu unaona kanga zinapungwa na midomo inafunguka tu, injini imekwisha meza sauti zote. Lakini siku ile ya kwanza ningeapa kwamba nilivisikia, na ndivyo vilivyoniponza.

Mama yangu, Ruthu, alikuwa amekusanya kijiji kizima kwenye kiwanja cha vumbi kule nyuma ya Mvumi, waje waone binti yake anavyotua na ndege. Nilikuja juu mno, tena kwa kasi. Mzee Hamidi, mwalimu wangu na mwenye ndege, aliyekaa kulia kwangu, alisema neno moja: "Ondoka." Maana yake niongeze nguvu ya injini, nipae, nizunguke, nije upya. Mimi? Nigeuke mlangoni, na mama ananitazama? Nimelelewa nikijua kwamba mgeni anayefika kizingitini kisha akageuka amewatukana wenye nyumba. Nikaikandamiza ndege chini. Tulidunda mara mbili, kiwanja kikatuishia, gurudumu la mbele likavunjika na propela ikalima udongo. Mkono wa Mzee Hamidi ulivunjika pia.

Nisiusingizie upepo. Kosa lilikuwa langu, na aibu yake niliibeba mwaka mzima, hata nikawa sipendi kutazama kunguru akitua.

Julai iliyofuata Mzee Hamidi alikuja nyumbani kwangu mjini, Ipagala. Mkono ulikuwa umepona ukiwa umepinda.

"Shikamoo, mzee," nilisema nikiangalia miguu yake.

"Marahaba. Anitha, ndege imetengemaa. Tunarudi kulekule. Safari hii sisemi kitu. Lakini nikilazimika kushika usukani, urubani wako umeishia hapo."

Basi tukaenda. Kiwanja kilipotokea mbele yetu, chembamba na chekundu kati ya mashamba ya mtama yaliyovunwa, kanga zilikuwa zimekwisha anza kupungwa. Mama hakomi! Mzee Hamidi alikunja mikono, uliopinda juu ya mzima, akatazama mbele. Upepo ukatusukuma kutoka nyuma. Nikaona mwanzo wa kiwanja unapita chini yetu, na sisi bado tuko juu, bado tunakimbia. Mambo yaleyale. Shusha tu, sauti ikaniambia, wanakuona.

Nikaondoka.

Tulipita juu ya vichwa vyao kwa kishindo. Nilimwona mama ameshika kichwa, na machozi yakanitoka, lakini niliendelea kupaa. Nikazunguka, nikaja upande wa pili, upepo sasa ukitupiga usoni, kila kitu sawasawa. Kumbe wanakijiji walidhani ninakwenda zangu, wakamwagika katikati ya kiwanja kuniita nirudi! Nikaondoka tena. Safari hii, kwa chini, nilimwona mama amevua kanga anawachapa nayo, anawafukuza pembeni.

Mara ya tatu magurudumu yaligusa ardhi taratibu, kwa adabu, mwanzoni kabisa mwa kiwanja. Kikabaki kiwanja kirefu mbele yetu ambacho hatukukihitaji. Nilicheka kwa sauti kama mwendawazimu. Mzee Hamidi alikunjua mikono.

Nilipozima injini, hapo ndipo vigelegele viliponifikia kweli. Mama alikuja mbele ya wote, kanga begani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaanza kumwomba radhi kwa kumpita mara mbili mlangoni.

"Nyamaza," alisema. "Mwaka jana uliingia kwangu bila hodi, ukavunja na mlango. Leo umebisha mara tatu, zote nimezisikia. Karibu, mwanangu."

Tulikula ugali na mlenda. Jua lilipoanza kupungua ukali, nilisimama nikamwambia Mzee Hamidi kwamba ni wakati wa kurudi mjini.

"Mimi nitapanda gari hapo Mvumi," alisema akinawa. Kisha, kwa mkono ule uliopinda, akatoa ufunguo wa ndege mfukoni na kuuweka mezani mbele yangu.