Mgeni Hataki Rojo

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba paka wa marehemu mama amekula kona. Simaanishi alikimbia. Aliila. Nilipoingia jikoni nilikuta kuta zinakutana mara tatu tu, na mahali pa kona ya nne pana tundu linalopitisha upepo kutoka kwa jirani. Paka amekaa chini ya tundu hilo, anajilamba vumbi la saruji midomoni.

"Ilikuwa kavu," aliniambia. "Ndiyo maana."

Sikushangaa, maana tabia yake naijua. Paka huyu anaitwa Mgeni. Mama ndiye aliyempa jina, siku alipotokea uani analowa mvua, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Mama alipofariki nilihamia hapa kwake Tanga kumwangalia paka, kwa sababu aliniomba hivyo na sikuwa na ubavu wa kumkatalia.

Mgeni amezoea dagaa wakavu. Sasa meno yamemwoza na figo zimechoka, na Bwana Mntangi, daktari wa mifugo ambaye wateja wake siku zote ni ng'ombe, amepiga dagaa marufuku. Ale chakula laini cha kopo, chenye majimaji, alisema, na asipokula wiki hii nijiandae kuchimba shimo uani. Mgeni hulinusa lile rojo, hunitazama, halafu huenda zake. Mbavu zake zinahesabika. Nililala na hofu hiyo, na bila shaka ndiyo iliyoniotesha.

Kopo lililokuwa mezani likajifunua mfuniko kidogo, likaomba kusema.

"Mimi ni jodari ndani ya rojo," lilisema. "Nimevuka bahari, nimekaa bandarini, nimepangwa dukani kwenye rafu ya juu. Nafika hapa nanuswa tu, kisha naachwa. Mwenzangu aliyefunguliwa juzi mlimmwagia kuku."

"Kuku walimla?"

"Kuku wanakula hata kamba za viatu. Kuliwa na kuku si heshima."

Nikaliambia pole, nikaliomba livumilie.

Bi Saumu, jirani yetu, alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye tundu la kona. Bi Saumu huchungulia hata pasipo na tundu, sembuse leo.

"Bado hali?" akauliza.

"Hali, Bi Saumu. Shikamoo."

"Marahaba. Unamdekeza, mwanangu. Mwache. Njaa itamfundisha adabu."

Hapo hapo hodi ikabishwa, na Njaa akaingia. Ni mama mwembamba sana, amevaa miwani, kwapani ana boksi la chaki. Anafuta miguu kizingitini, anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema mkoa huu ana wanafunzi wengi na hapewi usafiri.

"Ni yupi?" anauliza.

Namwonyesha. Jiko limekuwa darasa, na Mgeni amekaa dawati la mbele, mikono juu ya meza. Kopo na vijiko wako nyuma wanapiga kelele. Njaa anaandika ubaoni KULA, kisha anageuka.

"Tuanze na jepesi. Mgeni, kula kiapo kwamba utakula."

Mgeni akala kiapo. Nilikisikia kikivunjika kati ya meno yake mabovu.

"Kikavu," alisema. "Kizuri."

"Kula njama."

Akamnong'oneza kijiko aliyekuwa karibu, wakaila pamoja.

"Kula hasara."

Hiyo aliila polepole, akasema ina ukakasi, lakini akaimaliza.

"Vizuri sana," alisema Njaa. "Sasa kula hiki." Akamsogezea sahani ya rojo.

"Asante, mwalimu," alisema Mgeni. "Nimeshiba."

Njaa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwinamia Mgeni na kumpiga mstari wa chaki kwenye kila ubavu, kisha akanigeukia.

"Nani aliniita?"

"Bi Saumu, jirani."

"Niliitwa kufundisha adabu. Mimi nimefundisha watu wazima wenye akili zao wakala mbegu za kupanda. Lakini huyu adabu anayo, nyingi kuliko yenu. Kazi iliyobaki kwake ni kummaliza tu, na hiyo haihitaji ubao."

Akakusanya chaki zake. Alisema atakuwa nje, na tusijisumbue kufunga mlango.

Nikataka kumfuata nimsihi, lakini sakafu ilikuwa imeloa. Daktari alisema chakula chenye majimaji, na sasa majimaji yamekuja. Rojo linaingia kwa chini ya mlango, linafika magotini, madawati yanaelea. Nambeba Mgeni begani. Tunatoka darasani na kujikuta kwenye josho la ng'ombe, lile refu la saruji, limejaa rojo hadi ukingoni. Bwana Mntangi amesimama upande wa pili na buti zake na fimbo. Ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, wanaogelea, wanatoka wananukia jodari.

"Mlete," akasema. "Asiyepita hapa simpi alama."

"Na asiye na alama?"

"Kuna mama mwenye miwani pale getini. Ndiye anayewachukua."

"Daktari, huyu hataki kulowa."

"Ana umri gani?"

"Sijui hasa. Amekula chumvi nyingi."

"Basi hiyo chumvi ndiyo iliyoharibu figo," alisema Bwana Mntangi. "Mngempunguzia mapema."

Ng'ombe mmoja mwenye pembe moja alisimama kutikisa masikio, rojo likaturukia.

"Wewe mtumbukize tu," aliniambia. "Sisi tunatumbukizwa, hatukaribishwi. Lakini sisi ni mifugo. Huyo mnamwita nani?"

"Mgeni."

"Haya," alisema ng'ombe, akaendelea na safari yake.

Nikamweka Mgeni chini, nikachuchumaa mbele yake. Niliogopa sana, siwezi kulisema hilo kwa namna nyingine. Mama alinilea peke yake, akanisomesha, akaniachia paka mmoja wa kutunza, na hata huyo nilikuwa nampoteza.

"Mgeni, unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimeshiba."

"Unakufa."

"Huenda. Lakini siwezi kujikaribisha mwenyewe."

"Sahani nakuwekea kila siku."

"Unaiweka mlangoni pa choo, unasema 'haya,' unaondoka," alisema. Hakuwa na hasira. "'Haya' ni neno la kumwambia mtu anayepakia matofali."

"Nilidhani Mgeni ni jina tu."

"Mama yako hakudhani hivyo." Akalitazama josho, kisha akanitazama mimi. "Na wewe umekula?"

Ndivyo alivyokuwa akiniuliza mama, kwa sauti hiyo hiyo, hata kwenye simu, hata kabla ya salamu.

"Nimekula," nikasema.

"Nini?"

"Chipsi. Jana. Nikiwa nimesimama."

"Basi hatujala, wote wawili," alisema Mgeni.

Kule getini Njaa alikohoa kidogo.

Kitu kikanigonga mgongoni. Kugeuka, ni mkeka wa mama, umetoka wenyewe nyuma ya kabati.

"Umenisimamisha ukutani tangu arobaini ya marehemu," ulisema. "Nina kizunguzungu."

Ukajitandika kwenye ukingo wa josho, na ulipomaliza kujitandika josho halikuwapo tena. Tuko uani kwa mama, mchana. Birika la kunawia lipo, na sahani ya rojo ipo katikati. Daktari na ng'ombe wake wamebaki nje ya ukuta, nasikia mikia yao ikipiga mabati.

Nikakaa kitako. Nikanawa mikono.

"Mgeni, karibu chakula."

"Starehe," alijibu, akitazama pembeni.

Nilitaka kukata tamaa. Kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyelelewa vizuri hakubali mara ya kwanza, na kwamba mama hakuwa mtu wa kukubali kukataliwa. Wapita njia walikuwa wakiingia humu ndani kuuliza saa, wanatoka wameshiba.

"Sogea bwana, karibu."

"Nimetoka kula sasa hivi. Kona."

"Basi njoo uonje tu."

Akafikiri. "Kuonja sawa," alisema. Akapanda mkekani, akaukunja mkia. "Anza wewe."

"Hiki ni chakula cha paka."

"Ni chakula ulichomwekea mgeni. Kama hakiliki, kwa nini ulinipa?"

Nikasema bismillahi, nikachota kwa vidole vitatu, nikala. Samaki wenyewe ni laini mno, na rojo linaganda kwenye ulimi.

"Vipi?" akauliza Mgeni.

"Hakina chumvi."

"Daktari kakataza," alisema, akainamisha kichwa, akala.

Tulikula hivyo, yeye upande wake, mimi upande wangu. Niliponyoosha mkono kwake aliniambia nile mbele yangu. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza kazini kunaendaje, nikamwambia kunaenda. Sahani ikawa inapungua, na nje ya geti nikamsikia Njaa akifunga boksi lake la chaki, akaondoka bila kuaga. Hapo nikaanza kulia, kwa sababu tangu mazishi sikuwa nimekaa chini kula na mtu yeyote.

"Usilie juu ya sahani," alisema Mgeni. "Figo."

Nikageuza uso pembeni, nikalia huko mpaka nikamaliza, kisha nikarudi kula.

Niliamka kitandani, shuka imenizonga, jua limeshapanda, Bi Saumu anafagia upande wake na kumsema mtu. Mdomo ulikuwa mzito. Nilikwenda uani kunawa uso nikamkuta Mgeni amekaa kivulini, anajisafisha mashavu kwa mkono mmoja, bila haraka. Mbele yake ilikuwepo ile sahani niliyoiacha imejaa kabla ya kulala. Upande mmoja umelambwa hadi unang'aa. Upande wa pili una michirizi mitatu ya vidole, imeshakauka. Katikati limebaki tonge moja dogo, ambalo kila mmoja wetu alikuwa amemwachia mwenzake.